Hela za korona na mtu mzima mwenye ulemavu uliyemklemu: kwa nini alipata sifuri, na sasa hivi ufanye nini

Kila msimu wa kodi ukifika hapa Lexington napigiwa simu na watu watatu wanne wenye swali lile lile, tena wanaliuliza kwa sauti ya chini utadhani wanaulizia kitu cha aibu. "Mwanangu hatembei, ana miaka 25, Marekani nzima ilipewa hela za korona yeye hakupewa, ni kwa vile ni mlemavu?" Hapana mama. Ulemavu wake hauhusiki kabisa, kilichomnyima ni kuklemiwa, yaani jina lake kukaa kama mtegemezi kwenye ritani (fomu ya kodi ya mwaka) ya mtu mwingine. Na hilo jina nani aliliweka? Mara nyingi ni sisi wenyewe, kwa nia nzuri, au jamaa wa kutengeneza kodi aliyeuliza "nyumbani mko wangapi" akaandika wote bila kuuliza la pili.

Nianze na historia kidogo maana bila hiyo utachanganyikiwa. Hizi hela za msaada za serikali ya Marekani zilikuja mara 3. Ya kwanza ni ile ya sheria ya CARES iliyosainiwa tarehe 27 Machi 2020, dola 1,200 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto aliye chini ya miaka 17. Ya pili sheria yake ilisainiwa 27 Desemba 2020, hiyo ilikuwa 600 kwa mkubwa na 600 kwa mdogo. Ya tatu Machi 2021, 1,400 kila kichwa. (Kipato kikivuka 75,000 kwa mtu mmoja au 150,000 kwa mke na mume zilianza kupungua, ila wengi wetu wa viwandani na maghalani hilo halikutugusa.)

Sasa mtu aliyeshatimiza miaka 17 na bado ni mtegemezi kwenye ritani ya mwingine, kwenye ya kwanza na ya pili hakuwa na pa kukaa: si mtoto wa kuletewa 500, na si mtu mzima wa kupewa 1,200. Sifuri, na aliyemklemu naye kwa ajili yake sifuri. Waliangukia humo wanafunzi wa chuo, wazee wanaoishi na watoto wao, na watu wazima wenye ulemavu. Ya tatu ndo ikawakumbuka wategemezi wa umri wote, ila 1,400 yake ikaingia kwa yule aliyemklemu, sio kwake.

Piga hesabu mwenyewe. Aliyesimama kwa jina lake 1,200 na 600 na 1,400, jumla 3,200. Aliyeklemiwa 1,400 tu na imo kwenye akaunti ya mama au kaka. Pengo la dola 1,800, na kwa nini? kwa mstari mmoja kwenye fomu.

Kisanduku cha "anaweza"

Hapa ndo watu wengi wanakosea, hata wasomi. Chukua Fomu 1040, ile ritani yenyewe, kuna kisanduku kidogo kinauliza kama kuna mtu ANAWEZA kukuklemu wewe kama mtegemezi. Anaweza, sio amekuklemu. Sheria ya hela za korona ilifuata neno hilo hilo. Kwa hiyo ile akili ya mtaani ya kusema "basi mwaka huu sikuweki, kafaili mwenyewe uchukue hela yako" haikuwa sawa kama kwa vigezo bado ulikuwa na haki ya kumklemu. Na kinyume chake ni kweli pia, na hiki ndo kitu hawakutuambia: kama kwa vigezo hukuwa na haki ya kumklemu, basi ulipomklemu ulikosea, na yeye alistahili hela yake yote.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni: huyu mtu kisheria ni mtegemezi wangu au hapana? Ukishajibu hilo mengine yanafuata.

Mtu mzima mwenye ulemavu anaweza kuingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wanamhesabu kama "mtoto" hata awe na miaka 40. Awe ni mwanao, au mjukuu, au ndugu yako, au mtoto wa ndugu yako; awe ameishi kwako zaidi ya nusu mwaka; awe na ulemavu wa kudumu na kamili, maana yake hawezi kufanya kazi ya kumwingizia kipato cha maana na daktari anasema hali hiyo imedumu au itadumu si chini ya mwaka; na asiwe amejilipia mwenyewe zaidi ya nusu ya matunzo yake. Kwa mwenye ulemavu wa aina hii hakuna kikomo cha umri, hata kaka yako mkubwa anaweza kuwa "mtoto" wako mbele ya IRS, cheka tu lakini ndo hivyo.

Mlango wa pili ni wa ndugu wengine, mfano mama yako mzazi, shangazi, mjomba. Hapo wewe mwenyewe lazima uwe umebeba zaidi ya nusu ya matunzo yake, na kipato chake kinachotozwa kodi kisivuke kiwango cha mwaka huo. Kilikuwa 4,300 kwa 2020 na 2021, kwa 2025 ni 5,200. SSI (msaada wa serikali, naueleza hapo chini) haihesabiwi kwenye kipato hicho.

Na hapa undugu wetu unatuponza. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako, mmelala kitanda kimoja, huwezi kumwita jina lingine. IRS wanamwita binamu na binamu hayumo kwenye orodha, labda awe ameishi kwako mwaka mzima kama mtu wa nyumba hiyo. Mama mdogo mwenyewe yumo, mwanawe hayumo. Na yule uliyemwacha Nyarugusu au Kakuma unayemtumia hela kila mwezi, hata kama unamlisha kwa asilimia mia, huwezi kumklemu, maana mtegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au basi mkazi wa Canada au Mexico. Nimeona watu wakiwaweka ndugu wa kambini halafu barua inakuja miaka miwili baadaye.

Anapokea cheki gani?

Hapa usiruke, soma polepole, maana hapa ndo mambo yanapobadilika kabisa.

Watu wetu wanasema "anakula Social Security" kwa kila kitu kinachotoka serikalini. Lakini ziko mbili. SSI ni msaada kwa mwenye ulemavu au mzee asiye na kitu, haiulizi kama alishawahi kufanya kazi. Nyingine ni Social Security yenyewe, inayotokana na makato ya kazi, iwe kazi yake au ya mzazi. Mtu ambaye ulemavu wake ulianza kabla ya miaka 22 anaweza kulipwa kwa rekodi ya baba au mama aliyestaafu, aliye na ulemavu au aliyefariki.

Utazijuaje? Fungua akaunti ya benki uangalie tarehe. SSI huingia tarehe 1 ya mwezi, ikigonga wikendi au sikukuu inaingia siku ya kazi kabla yake. Social Security kwa wengi huingia siku ya Jumatano, au tarehe 3 kama mtu anapokea zote mbili. Njia nyingine: Januari, mwenye Social Security anatumiwa fomu ya SSA-1099. Mwenye SSI tu hatumiwi kitu.

Na kwa nini inajalisha? Kwa sababu kwenye hesabu ya matunzo, SSI inahesabika ni serikali imemtunza, sio yeye amejitunza. Kwa hiyo kijana mwenye SSI tu, anayeishi na mama yake, bado ni "mtoto" na mama ana haki ya kumklemu, hata kama SSI ndo inalipa kila kitu. Lakini Social Security akiitumia kwa matumizi yake inahesabika ni yeye amejilipia. Ikizidi nusu, mama hana haki ya kumklemu, kijana ni mtu anayejitegemea, na hela za korona zilikuwa zake.

Kwenye mlango wa pili, ule wa mama au shangazi, mambo yanageuka tena: hata SSI inakuhesabikia vibaya kwa sababu pale swali ni kama WEWE umetoa zaidi ya nusu, na serikali ikitoa zaidi yako basi hujafika. Ndo maana kwa wazee wakimbizi ambao SSI yao hukatwa baada ya miaka 7 kama hawajapata uraia, mwaka wa kukatwa hesabu yote inabadilika, ghafla wewe ndo umebeba.

Nikupe ya kwetu. Mdogo wangu ana tatizo la ubongo tangu kuzaliwa, 2020 alikuwa na miaka 22. Baba alifariki akiwa ameshafanya kazi hapa miaka kadhaa, kwa hiyo mdogo wangu akawa anapokea Social Security kwa rekodi ya mzee, dola 640 kwa mwezi. Mama alimpelekea karatasi jamaa mmoja wa kutengeneza kodi, jina simtaji, akamwandika kijana kama mtegemezi bila kuuliza hela inatoka wapi. Korona ya kwanza mdogo wangu sifuri. Ya pili sifuri. Mama akasema basi ni mpango wa Mungu.

Mi sikukubali. Jioni moja tukamwaga lile kopo la biskuti la bluu mezani, unalijua, kila nyumba ya kwetu linalo na halijawahi kuwa na biskuti, na tukaanza kuandika nyuma ya bahasha. Kodi ya nyumba ile ungeikodisha 1,200 kwa mwezi, tuko watu 4, fungu lake 300, kwa mwaka 3,600. Chakula 200 kwa mwezi, 2,400. Nguo, nepi, simu, usafiri, 1,400. Matibabu yaliyolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali, hatukuyaweka, hayahesabiwi. Jumla 7,400, nusu yake 3,700. Yeye ameingiza 640 mara 12 ni 7,680, mama alikuwa anamwekea akiba 80 kila mwezi, toa 960 hiyo haikutumika kwa hiyo haihesabiwi, imebaki 6,720 imemtunza. Mara mbili ya nusu karibu! Hakuwa mtegemezi wa mtu.

Tukamfailia mama marekebisho kwa Fomu 1040-X kumtoa kijana, na kijana tukamfailia ritani yake ya 2020 tukidai 1,800 pale mstari wa 30. Ilichukua miezi mingi, na barua mbili katikati zilizomtoa mama jasho, lakini ilikuja. Alinunua tablet ya kuangalia mpira na zilizobaki mama akazifungia.

Mama alikuwa na hofu moja, kwamba akimtoa kijana kwenye ritani atapoteza ile hela kubwa ya Februari, EITC, krediti ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo. Hakuipoteza. Sikiliza, hii wengi hawaijui: EITC haiulizi nani alilipia matunzo. Inaangalia undugu, umri au ulemavu wa kudumu, kuishi pamoja zaidi ya nusu mwaka hapa Marekani, na namba halali ya Social Security. Kwa hiyo mtu anaweza asiwe mtegemezi wako na bado akawa mtoto wako wa EITC. Jina lake linaandikwa kwenye karatasi ya EIC, na pale swali la 4b linapouliza kama ana ulemavu wa kudumu na kamili unajibu ndiyo. Alichopoteza mama ni krediti ya 500 ya wategemezi wakubwa, na hiyo nayo inapunguza tu kodi unayodaiwa, kama hudaiwi haikuletei hata senti.

Sasa leo

Nisikudanganye. Muda wa kudai ya kwanza na ya pili kwa kufaili ritani ya 2020 uliisha 17 Mei 2024. Wa ya tatu, kwa ritani ya 2021, uliisha 15 Aprili 2025. Desemba 2024 IRS walitangaza watawatumia wenyewe watu karibu milioni 1 waliofaili 2021 wakasahau kudai, lakini hao ni waliofaili. Ukipata meseji inasema bonyeza linki ufungue hela ya korona ya mlemavu wako, ni mwizi. IRS hawatumi linki za namna hiyo, na hakuna wakala mwenye ufunguo wa siri wa kulipwa asilimia 30.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua akaunti ya IRS mtandaoni, ya mtu mwenyewe, uangalie kama ya kwanza na ya pili zinaonekana zilitumwa. Kuna watu hela zao zilikuja kwa kadi ya benki ndani ya bahasha nyeupe iliyoandikwa Money Network Cardholder Services, haina hata neno serikali, wakaitupa na matangazo ya pizza.

Halafu achana na korona, chukua ritani zako za miaka 3 iliyopita maana hizo bado zinarekebishika, miaka 3 tangu ulipofaili kwa kawaida. Kaa na bahasha na kalamu kama sisi. Kuna makosa ya pande mbili. Mmoja hakumweka mwanae wa miaka 27 kwa kudhani ameshakuwa mkubwa, akapoteza EITC ya mtoto mmoja ambayo kwa 2025 inafika dola 4,328, na pengine ile hadhi ya kodi ya kichwa cha familia (head of household). Mwingine amemweka ambaye si mtegemezi. Wa kwanza ana hela ya kufuata. Wa pili arekebishe kabla hajaandikiwa barua, na msaada mwingine wa serikali ukija kesho, uwe wa Washington au wa jimbo, jina la mtu wake litakuwa limekaa panapostahili.

Omba barua ya daktari sasa, usisubiri kuulizwa. Iwe na maneno yenyewe: hali ni ya kudumu, hawezi kufanya kazi ya kumwingizia kipato, imeanza lini, imedumu au itadumu miezi 12 au zaidi. Barua ya "ni mgonjwa wangu tangu 2016" haitoshi. Ongeza karatasi inayoonyesha anaishi kwako, kama ya kliniki au ya mwenye nyumba, yenye jina lake na anwani yako.

Wanaoogopa SSI kukatwa: kumklemu mtu kwenyewe hakumkati SSI. Tatizo ni pale ulipowaambia Social Security kwamba analipa fungu lake la nyumba, kisha IRS ukawaambia wewe ndo unamlipia kila kitu. Sema kitu kimoja kote. Na marejesho ya kodi hayahesabiwi kama mali kwa miezi 12, baada ya hapo yakibaki benki na akavuka dola 2,000 ndo kasheshe inaanza. Hela za korona zenyewe walizitoa kabisa kwenye hesabu hiyo. Kwa akiba kuna akaunti za ABLE, zamani ulemavu ulitakiwa uwe umeanza kabla ya miaka 26, kuanzia Januari 2026 ni kabla ya 46, na dola 100,000 za kwanza humo SSI haziangalii.

Ile 1,400 ya tatu iliyoingia kwa mama au kaka kwa ajili ya mtegemezi, watu wamegombana sana. Kisheria ni ya aliyemklemu. Mi kwa maoni yangu kama ulimnunulia kiti au godoro sawa, kama uliezekea nyumba huko nyumbani, mtafute mwenyewe mzungumze. Lakini ile ya kwanza na ya pili, au SSI yake, iliyoingia kwa jina lake na wewe ni msimamizi tu wa hela zake, hiyo ni yake, huna cha kuzungumza.

Msaada wa bure upo, unaitwa VITA, wanakaa kwenye maktaba na vituo vya jamii kuanzia mwisho wa Januari mpaka katikati ya Aprili. Uwaambie unataka mkalimani wa Kiswahili siku unapochukua miadi, sio siku ya kwenda, na usimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri hesabu ya matunzo. Kama barua ya IRS imeshafika na kuna ugomvi, VITA hawatoshi, ulizia kliniki za walipakodi wa kipato cha chini, LITC, wanakusimamia bure au kwa ada ndogo. Beba SSA-1099 kama ipo, barua ya SSI, ritani za miaka 3, kadi za Social Security za wote, na ile bahasha yenye hesabu zako nyuma. Mi ya kwetu bado ninayo, imo kwenye kopo la bluu.